Wasifu wa baba: namna ya kuuandika usiku wa kuamkia mazishi

Kama unasoma haya ukiwa msibani, turubai limeshafungwa uani na mtu amekugusa bega akakwambia "wewe ndiye msomi, tuandikie historia ya mzee", pole sana. Mimi niliguswa bega hivyo hivyo Juni 2015, nyumbani kwetu juu kidogo ya Tukuyu, mwili wa baba ukiwa bado mochwari na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na ni mtoto wa kwanza. Tangu siku ile nimekaa na familia nyingi za ushirika wetu wa kanisa la Moravian, na chache za Uyole na Makambako, tukiandika wasifu wa baba zao. Wa baba yangu mwenyewe niliukosea mahali pamoja. Nitakueleza palipokosewa, ili kwenu pasikosewe.

Jambo la kwanza, mwandishi awe mmoja. Kamati ikiandika, kila mjomba anaongeza sifa yake, na asubuhi mnabaki na karatasi ambayo ungeweza kubadilisha jina ukaisomea kwa mzee mwingine yeyote. Chagueni mtu mmoja mwenye daftari, wengine wawe wasemaji. Na mtu huyo asitumwe kitu kingine usiku ule. Asiende kununua mchele, asipokee wageni stendi.

Anza na karatasi kabla ya watu, kwa sababu watu wamechoka na wanalia, karatasi zinasubiri. Cheti cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa, kadi ya chama, kitambulisho cha kazi, stakabadhi za kijiji. Baba zetu waliviweka kwenye sanduku la bati au kwenye bahasha ya kaki ndani ya Biblia. Ila usifungue sanduku mwenyewe hata kama unajua ufunguo ulipo. Mwombe mama, na ikiwezekana afungue yeye au shangazi mbele yake. Pale kwenye sanduku kuna vitu ambavyo mjane ana haki ya kuviona kwanza. Ukikosa vyeti, nenda kwa mchungaji au katibu wa ushirika. Rejista ya kanisa ina ubatizo, ndoa na mazishi, na mara nyingi ndiyo karatasi ya zamani kuliko zote yenye jina la baba yako.

Tarehe ya kuzaliwa ndiyo inayosumbua. Wazee wetu wengi wana mwaka tu, tena wa kukadiria. Usibuni siku na mwezi ili karatasi ipendeze. Tafuta mwaka kwa matukio. Muulize shangazi, "Alipozaliwa, vita ya Wajerumani na Waingereza ilikuwa imeisha?" Ile ilikwisha 1945. Uhuru ni 1961, Azimio la Arusha 1967. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Vita ya Kagera ni 1978 hadi 1979. Kifo cha Waziri Mkuu Sokoine, Aprili 1984. Mtu asiyekumbuka mwaka atakwambia bila kusita, "Huyo mtoto alikuwa anatambaa wakati Sokoine anakufa", na hapo umepata. Ukishindwa kabisa, andika "alizaliwa takriban mwaka 1943", na hakuna atakayekucheka.

Angalia na majina ya mikoa. Mzee aliyezaliwa Makete mwaka 1950 hakuzaliwa mkoa wa Njombe, maana mkoa huo umeanza 2012. Wa Mbozi hakuzaliwa mkoa wa Songwe, ulioanzishwa 2016. Andika "katika kijiji ambacho leo kipo mkoa wa Njombe". Ni jambo dogo, lakini wazee waliokaa mbele wanalisikia.

Sisi Wamoravian tuna sababu ya ziada ya kuandika vizuri. Tangu karne ya 18, kule Herrnhut, Ujerumani, waumini wa kanisa letu walikuwa wakiandika wenyewe habari za maisha yao, wakaziacha zisomwe siku ya maziko yao. Mtu alieleza alikozaliwa, alivyopotea, alivyomjua Mwokozi, aliowazika, kisha ndugu waliobaki wakaongeza ugonjwa wake na saa yake ya mwisho. Wamisheni wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, mwaka ule ule ambao wamisheni wenzao wa Berlin walifika Unyakyusa, na kazi ya hao wa Berlin ndiyo iliyozaa Walutheri wetu wa Konde na wa Ubena. Kwa hiyo kama baba yako bado anaota jua barazani, mnunulie daftari kesho, mwambie aanze na jina la bibi yake. Ambaye baba yake amekwisha kulala, tuendelee.

Sasa watu. Mama muendee wa mwisho, si wa kwanza, na usimwendee na maswali ya miaka. Ameketi kwenye godoro na kina mama wamemzunguka. Ukimuuliza "mlifunga ndoa mwaka gani?" atasema hajui, na ataumia kwa kutojua. Mimi nilipiga magoti, nikamuuliza, "Mama, siku baba alipokuja kwenu mara ya kwanza alikuja na nini?" Alinyamaza, kisha akasema, "Kiti." Baba alikuwa seremala kijana, hakuwa na ng'ombe hata mmoja wa kuonyesha, akabeba kiti kichwani kutoka kwao mpaka kwa babu mzaa mama, mwendo wa nusu siku, akamwambia babu akalie. Babu akakaa, akajitikisa, kiti hakikulia. "Baba akasema, huyu ana mikono," mama alituambia, na wale kina mama wote wakainua vichwa. Mimi na wadogo zangu tulikuwa tumekua na kile kiti jikoni bila kujua habari hiyo.

Uliza hivyo. Alikuja na nini, alivaa nini, alikuwa akila nini akirudi amechoka, alikuwa akisema neno gani akikasirika. Kwa waliofanya naye kazi, uliza walivyokutana. Kati ya 1971 na 1974 baba alikuwa seremala kwenye kambi za ujenzi wa reli, na sisi tulijua hilo tu. Mzee mmoja aliyekuwa naye Iyunga akatuambia kwamba baba alijifunza kuhesabu kwa Kichina moja mpaka kumi ili asikosee vipimo akiitwa na fundi mkuu, na kwamba Jumapili alikuwa anaongoza ibada ya watu 5 chini ya mti, kwa nyimbo za Kinyakyusa alizozijua kwa kichwa. Hilo la watu 5 liliingia kwenye wasifu. Ukiambiwa namba, iandike.

Sehemu ya imani ndiyo inayoharibiwa zaidi, na inaharibiwa na watu wanaompenda marehemu. Wanaandika: "Marehemu alikuwa mcha Mungu, mtu wa watu, mcheshi na mpenda maendeleo." Sentensi hiyo nimeisikia kwenye misiba mingi mno. Si uongo, lakini haimleti mtu. Chukua kila neno la sifa, ujiulize: alifanya nini hata nikaliandika? Kama huna jibu, lifute. Mimi nilifuta "alilipenda kanisa", nikaandika hivi:

"Benchi 24 za kanisa hili alizitengeneza kwa mikono yake kati ya 1981 na 1983, kwa mbao za mkaratusi. Alipokea malipo ya benchi 6. Zilizobaki alisema ni sadaka yake na ya mke wake."

Ndugu yangu aliposoma hapo, watu waliinama wakatazama walipokalia. Mzee mmoja wa kanisa alipitisha kiganja chake kwenye mbao.

Vivyo hivyo kwa nyumbani. Usiandike "alikuwa baba bora". Nyumba yetu iliamka saa 11 alfajiri, baridi ya Rungwe ikiwa bado inauma masikio. Baba alisoma kitabu kidogo cha neno la kila siku, kile ambacho neno lake la Agano la Kale huchaguliwa kwa kura huko Herrnhut na ambacho kilichapwa mara ya kwanza kwa mwaka 1731. Akimaliza kusoma aliomba akitutaja watoto mmoja mmoja kwa jina, kwa kufuatana tulivyozaliwa. Aliendelea hivyo hata tulipokwisha kuolewa na kuhama. Mama anasema alitutaja hata asubuhi ya siku aliyopelekwa hospitali. Niliandika hayo kama yalivyo, bila kuongeza neno "bora", na hakuna aliyeniuliza kama alikuwa bora.

Kuhusu watoto, hapa tulia, hapa ndipo misiba mingi hupasuka. Orodha ya watoto iandikwe mapema, isomwe mbele ya mama, baba mdogo na shangazi mkubwa, na wakubaliane kabla ya kuchapwa. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa na baba alimtambua, ataandikwa na jina lake litasomwa pamoja na wengine. Kumwacha mtu amesimama makaburini akisikiliza majina ya ndugu zake bila la kwake ni ukatili, na ugomvi huo utawafuata mpaka kwenye kikao cha ukoo cha mirathi. Wajukuu watajwe kwa idadi, msitaje majina, mtakesha.

Na waliokufa wahesabiwe. Hapa ndipo nilipokosea.

Niliandika, "Ameacha mjane na watoto 7." Ilisomwa, tukazika, watu wakala, wakaondoka. Siku ya kuanua matanga mama alikuwa jikoni anachambua maharage kwenye ungo. Aliniita, hakuinua uso. Akasema, "Na yule mdogo wenu wa masika, umemwacha wapi?"

Mwaka 1976, nilipokuwa na miaka 7, mama alijifungua mtoto wa nne, msichana, akaishi wiki 3. Nilikuwa na kumbukumbu yake kama ya ndoto: nguo nyeupe, harufu ya mbao. Nyumbani hatukumtaja, na mimi nikadhani asiyetajwa haandikwi. Mama alinyanyuka, akaenda chumbani, akarudi na kitabu cha neno la siku cha mwaka ule. Baba alikuwa na desturi ya kuandika mstari mmoja pembeni kila siku, kwa penseli yake nene ya useremala. "Mvua. Milango 2." "Nimeuza kahawa." "Mtoto homa." Kisha ukurasa mmoja ambao alipigia mstari neno la siku hiyo, na pembeni yake: "Sanduku dogo. Mbao 3. Nimemaliza saa 10 usiku."

Alikuwa amemtengenezea jeneza mtoto wake mwenyewe.

Kwenye wasifu nilikuwa nimeandika, kwa kujivunia, kwamba baba hakuwahi kumtoza mtu fedha za jeneza la mtoto mchanga, na kwamba hiyo ilitokana na moyo wake wa huruma. Ilitokana na usiku ule. Kijiji kizima kilikuwa kimepokea masanduku yale kwa miaka karibu 40, na mimi niliyepewa kalamu sikujua yalikoanzia. Tena nikakumbuka jambo la alfajiri. Katika kututaja, baba akifika baada ya jina la tatu alikuwa ananyamaza kidogo, ndipo anataja anayefuata. Miaka yote nilidhani anavuta pumzi.

Ndiyo maana siku hizi nikikaa na familia, swali langu la kwanza kwa mama si la kiti tena. Namwambia, "Mama, tuhesabu wote, na waliotangulia." Wengine wanalia hapo hapo. Wengine wanataja haraka, kama walikuwa wanangoja kuulizwa kwa miaka mingi. Wapo ambao hawataki, na wakikataa usiandike. Lakini uwe umeuliza.

Je, makosa ya baba yaandikwe? Mimi nasema yaandikwe yale yaliyokwisha kupatana, na kwa ruhusa ya aliyekosewa. Baba na mdogo wake hawakusalimiana kwa miaka 4 kwa ajili ya mpaka wa shamba la chai. Kila mtu pale kanisani alilijua hilo, na kama ningeruka, wangejua nimeruka. Nilimfuata baba mdogo nje, kwenye moto wa wanaume, nikamwomba ruhusa. Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Andika. Ila andika kwamba yeye ndiye aliyekuja kwangu, na mvua ilikuwa inanyesha." Nikaandika hivyo hivyo. Ugomvi ambao bado una moto, kesi iliyo baraza la ardhi, deni ambalo halijalipwa, viache. Makaburini si mahali pa hukumu, na marehemu hawezi kujibu.

Ugonjwa uandikwe kwa sentensi 2 au 3. Jina la ugonjwa kama familia imekubali, muda aliougua, siku na mahali alipofariki. Mimi niliandika kwamba aliishi na kisukari kwa miaka 9, akapata kiharusi, akalala katika Bwana baada ya siku 4 hospitalini. Ukiulizwa siri ya ugonjwa, itunze, familia ina haki hiyo. Lakini epuka maneno ya mafumbo kama "ugonjwa wa ghafla usioeleweka" au "mazingira ya kutatanisha". Huku kwetu maneno hayo hayabaki kwenye karatasi. Jioni yake yameshakuwa jina la jirani, na kuna kina bibi wamefukuzwa kwenye nyumba zao kwa maneno kama hayo. Kama daktari alieleza, andika alichoeleza. Na msiba si mahali pa kuwashtaki wauguzi.

Urefu: kurasa 2 za A4, maandishi makubwa, zisomwe kwa dakika 7 au 8. Usomaji wa msibani ni wa polepole, kwa hiyo maneno 700 yanatosha. Ukizidisha, MC atakuja kukuonyesha saa, msomaji ataruka mistari, na atakayoruka ndiyo mazuri. Soma mwenyewe kwa sauti usiku huo, chumbani. Mahali unapokwama kwa kulia, weka sentensi fupi, na msomaji naye atapumua. Miaka iandike ili isomeke bila kusita, na majina magumu ya Kinyakyusa au ya Kibena mfundishe msomaji mapema kama mgeni. Kama wazee wengi hawasikii vizuri Kiswahili, weka sentensi moja ya kilugha. Mimi niliweka neno lake la kila siku, "Ndaga fijo", yaani asante sana, alilokuwa anamwambia mama kila akipokea sahani. Lilitosha.

Msomaji asiwe mtoto wa marehemu aliye karibu sana kama moyo wake hauwezi. Mpwa au mkwe anafaa. Kwetu alisoma ndugu yangu wa tano kwa sababu alisisitiza, na tulimweka binamu nyuma yake akiwa na nakala ya pili, tayari kupokea. Hakupokea, lakini kuwepo kwake kulimshikilia. Karatasi iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha maandishi. Huku kwetu mvua haingoji msimu, na nimewahi kuona wasifu wa mzee mmoja ukigeuka bluu mkononi mwa msomaji kabla hajafika kwenye ndoa.

Baada ya mazishi msiache karatasi ile ipotee kwenye mkoba wa MC. Chapeni nakala 4 au 5. Moja ipelekwe ofisi ya ushirika, moja kwa mama, moja kwa kila upande wa ukoo. Na ikiwa kuna kosa, rekebisheni, msione aibu. Wasifu si hukumu iliyokwisha tolewa. Andikeni upya ukurasa huo, mpelekeeni mchungaji nakala mpya, achukue ile ya zamani.

Sisi tulirekebisha wetu Machi 2016, wiki ya mateso. Nilifuta "watoto 7", nikaandika "watoto 8, na kati yao 7 wako hai", nikaongeza mistari 3 juu ya sanduku la mbao 3. Alfajiri ya Pasaka, kama ilivyo desturi yetu, ushirika wote ulikwenda makaburini kukiwa bado giza, tukaimba mpaka mwanga ukaanza kuonekana upande wa milima ya Livingstone. Watu walipoanza kushuka, sisi watoto na mama tulibaki kwenye kaburi la baba. Bado nilikuwa sioni maandishi vizuri. Mama akawasha tochi, akaishika juu ya karatasi, nami nikasoma majina kwa kufuatana: wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne.